Pikapu Inapozimika Ghafla na Kukataa Kuwaka: Mwongozo kwa Watumiaji wa Mkoa wa Katavi

Msafiri anayetoka Majimoto na shehena ya mpunga kwenda Mpanda hupita Kibaoni, akaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akatokea Sitalike, kisha akamalizia takribani kilomita 35 hadi mjini. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mmoja katika njia hiyo. Pikapu yake ya dizeli imejazwa mafuta asubuhi na imetembea vizuri kwa saa nzima. Katikati ya hifadhi inapoteza nguvu, inakohoa mara mbili tatu na kuzimika. Anapiga stata, injini inazunguka lakini haiwaki. Wingu limetanda, magunia hayana turubai la kutosha, na fundi wa karibu yuko Mpanda. Katika saa moja inayofuata mtu huyu atafanya maamuzi yatakayoamua mambo mawili: kama gari litapona kwa gharama ya filta au kwa gharama ya pampu nzima, na kama gharama hiyo ataibeba peke yake au ataweza kumtaka aliyeisababisha ailipe.

Makala haya yanaihusu saa hiyo. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Mafundi wa Mpanda wanaijua Hilux kuliko sisi tunaoandika. Tunachotaka ni mwenye gari aweze kueleza kwa usahihi gari lilizimikaje, asiharibu zaidi kilichokwisha haribika, na asitupe ushahidi wa haki yake. Katika shughuli za udhibiti, lalamiko linaloumiza zaidi ni la mtu ambaye pengine anasema kweli tupu, lakini amekuja mikono mitupu: mafuta yalimwagwa gereji, filta ya zamani ilitupwa jalalani, risiti haikuchukuliwa. Hapo hatuna cha kupima.

Usalama kwanza

Injini ikifa, breki na usukani haviondoki, ila vinakuwa vizito. Breki hurahisishwa na nguvu ya msaada inayotokana na injini, na akiba ya nguvu hiyo hutosha kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo dereva akihisi gari linakosa nguvu, aliongoze pembeni mapema likiwa bado linatembea, na akanyage breki mara moja kwa uthabiti badala ya kuikanyaga na kuiachia. Gari likisimama, pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma.

Ndani ya hifadhi mambo ni tofauti. Barabara ya Kibaoni hadi Sitalike inakatiza makazi ya tembo, nyati na simba, na Mto Katuma pale Sitalike una viboko na mamba. Kushuka kwenda kukata matawi ya kuweka barabarani, kama wengi walivyozoea, ni hatari kuliko ubovu wenyewe. Abiria wabaki ndani na wafunge vioo (mbung'o wa huko hawahitaji kutambulishwa). Dereva ashuke tu kwa kazi ya lazima iliyo jirani kabisa na gari, baada ya kuhakikisha kwamba eneo la karibu liko wazi pande zote. Mtandao wa simu ukikosekana, ujumbe upelekwe na dereva wa gari linalopita hadi kwa askari wa hifadhi, Sitalike.

Gari lilizimikaje?

Fundi mzuri huanza na swali hilo. Mwenye gari anayejibu kwamba "lilizimika tu" amemwachia fundi kazi ya kubahatisha, na kubahatisha kwa fundi hulipiwa na mteja.

Injini yoyote inahitaji mafuta, hewa na, kwa njia moja au nyingine, umeme. Namna ilivyozimika huonyesha kipi kimekatika. Gari lililozimika mara moja, pamoja na taa za dashibodi na redio, limepoteza umeme. Lawama ya kwanza iende kwenye vichwa vya betri, waya mkubwa wa betri na fyuzi kuu. Gari lililozimika mara moja huku taa za dashibodi zikiendelea kuwaka limekatiwa kitu kimoja mahususi, kama vile umeme wa pampu ya mafuta au mkanda wa taimingi. Lililokohoa, likapungua nguvu mlimani, kisha likafa taratibu, limekosa mafuta au limepewa mafuta yasiyowaka. Na lililozimika baada ya geji ya joto kupanda limechemsha. Hilo lisipigwe stata tena hadi lipoe, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla ya hapo, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo humrukia mtu usoni yakiwa na joto linalozidi nyuzi 100.

Haya yaandikwe kwenye simu papo hapo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maoni ya wapita njia: saa, mahali, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, mafuta ya mwisho yalinunuliwa wapi na lini, na matengenezo ya mwisho yalihusu nini. Taa zilizowaka kwenye dashibodi zipigwe picha. Gari lililotoka gereji jana lichunguzwe kwanza pale lilipoguswa jana. Filta ya dizeli iliyobadilishwa na bomba lake lisifungwe vizuri huvuta hewa, na injini inaweza kwenda kilomita kadhaa kabla ya kuzimika. Ubovu huo hutibiwa kwa bisibisi.

Tunaona haya kuliandika hili, lakini geji ya mafuta ya pikapu iliyozeeka hudanganya. Tangi likaguliwe kweli kama lina mafuta.

Stata isipozunguka

Ufunguo ukigeuzwa na stata isizunguke, au ikazunguka kwa kuvuta miguu, tatizo liko upande wa umeme na injini inaweza kuwa nzima. Shika vichwa vya betri kwa mkono huku swichi imezimwa. Kikicheza hata kidogo, hapo ndipo mahali. Mitikisiko ya barabara za vumbi, ile ya kwenda Karema ikiwa mfano mzuri, hulegeza vichwa hivi, na ungaunga mweupe au wa kijani unaoota juu yake huzuia umeme kupita. Kusafisha na kukaza hakuhitaji fedha.

Mita ndogo ya umeme, inayouzwa kwa bei ya wastani katika maduka ya vifaa vya umeme, inafaa kuwamo garini. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takribani volti 12.6; ikisoma chini ya 12 imeisha. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki kwenye 12, alteneta haichaji. Tofauti hii huokoa fedha nyingi. Alteneta inapokufa, gari huendelea kula akiba ya betri mpaka iishe, kisha stata hukataa. Mwenye gari hununua betri mpya, hutembea siku moja, na mambo hujirudia. Betri ya kwanza haikuwa na kosa, na ya pili imeuzwa kwa mtu ambaye hakuihitaji.

Onyo moja linawahusu hasa watu wa njia ndefu. Msaada wa kwanza kufika mara nyingi huwa ni lori, na malori mengi hutumia betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, wakati pikapu hutumia 12. Kubusti pikapu kwa volti 24 kunaweza kuunguza alteneta na kompyuta ya gari kwa sekunde chache. Subiri gari dogo. Likipatikana, waya mwekundu uunganishe chanya kwa chanya. Waya mweusi utoke kwenye hasi ya betri nzima na ukamatishwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Sikiliza kwanza. Kwenye gari la petroli, ufunguo ukifikishwa kwenye hatua ya kuwasha taa bila kupiga stata, mara nyingi husikika mvumo mfupi wa pampu ndani ya tangi. Usiposikika ilhali zamani ulisikika, kagua fyuzi na rilei ya pampu. Kwenye dizeli za zamani, kama Hilux zenye injini za 2L, 3L au 5L, kuna solenoidi juu ya pampu ya dizeli inayofungua njia ya mafuta ufunguo unapogeuzwa, nayo hutoa mlio mdogo wa "tki". Kimya chake kinaweza kumaanisha waya mmoja uliochomoka. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile ya ampea. Kipande cha waya au karatasi ya sigara kinaweza kuliwasha gari, na kinaweza pia kuliteketeza.

Kisha sikiliza mzunguko wenyewe. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama kitu kisicho na mzigo, acha stata mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila jaribio linaweza kugonganisha valvu na pistoni. Gari la namna hiyo lisisukumwe pia. Mkanda huu hubadilishwa kwa umri na kilomita, na kwa injini nyingi za aina hiyo kipindi chake ni kilomita 100,000. Kwa gari lililoagizwa likiwa limetumika, ambalo historia yake haijulikani, ni busara kuuhesabu mkanda kuwa umekwisha siku gari linaponunuliwa.

Hivyo vyote vikiwa sawa, na gari lilikohoa kabla ya kufa, turudi kwa mfanyabiashara wetu na mafuta aliyojaza asubuhi.

Maji ndani ya dizeli

Lita moja ya dizeli ina uzito wa takribani gramu 830 hadi 850, na ya maji ina gramu 1,000. Kwa hiyo maji yakiingia kwenye tangi hukaa chini, na mdomo wa bomba linalovuta mafuta nao uko chini. Gari linaweza kwenda kilomita nyingi kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba na filta kabla ya maji kuifikia pampu. Ndiyo maana mtu hujaza asubuhi na kukwama mchana, kisha muuzaji akamwambia kwamba mafuta yangekuwa mabaya yasingefika mbali. Hoja hiyo si sahihi.

Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Vyuma vyake vimekaribiana mno, na katika injini za kisasa hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Maji hayalainishi. Huikwangua pampu na kuitia kutu, na nozeli nazo huumia. Kila mara unapoendelea kupiga stata au kusukuma gari lenye maji, unayapeleka mbele zaidi kutoka kwenye filta, ambako ni rahisi kuyatoa, hadi kwenye pampu, ambako ni ghali. Vijana wanaojitolea kusukuma wana moyo mwema. Washukuru na uwaombe wasubiri.

Pikapu nyingi za dizeli zina kitenga maji chini ya filta ya mafuta, chenye skrubu ndogo ya kumwagia. Weka chupa safi ya plastiki inayopenyeza mwanga chini yake, legeza skrubu, na ukinge robo lita hivi. Ziba chupa, iweke mahali patulivu kwa dakika 15, kisha itazame ukiielekeza kwenye mwanga. Dizeli safi ni angavu. Maji yatajitenga chini kwa mstari ulio wazi, na mara nyingine yatakuwa na uchafu au kutu. Kama ni matone machache, maliza kuyamwaga, kaza skrubu, bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, na ujaribu stata kwa sekunde 10, ukipumzika dakika nzima kabla ya kurudia. Kama chupa imejaa maji kuliko dizeli, ishia hapo. Gari hilo linahitaji kuvutwa, tangi lishushwe na kusafishwa. Wakati wote huu moto wa sigara uwe mbali, na mafuta yasinyonywe kwa mdomo kupitia mpira; dizeli au petroli ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Maji hufikaje humo? Msimu wa mvua Katavi huanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kifuniko cha tangi la chini ya ardhi kisichofungwa vizuri hupokea maji ya mafuriko. Kituo makini hupima kila siku kwa ufito uliopakwa dawa maalumu inayobadilika rangi inapogusa maji. Mteja ana haki ya kuuliza kipimo cha leo kilionyesha nini, na jibu la kununa ni taarifa pia. Lori la mafuta likiwa linashusha, subiri au nenda kwingine. Mafuta yanayomiminwa huvuruga yaliyotulia chini.

Njia nyingine ni madumu. Tunafahamu kwamba katika vijiji vilivyo mbali na kituo, chupa ya plastiki yenye mafuta kando ya barabara huonekana kuwa ndiyo huduma pekee. Kuuza mafuta bila leseni ni kosa, na hatari ya moto katika nyumba zenye madumu inajulikana. Kwa ajili hiyo masharti ya kujenga vituo vidogo vijijini yalilegezwa, ili huduma halali isogee karibu. Kwa mtumiaji, tatizo la dumu ni kubwa kuliko maji yaliyomo: hana risiti, hana chanzo, na akishachanganya mafuta ya dumu na ya kituo ndani ya tangi moja, hataweza kumdai yeyote kati ya wawili hao. Anayelazimika kuyatumia ayachuje kwa kitambaa kizito kisafi, na aandike siku na mahali.

Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli hayaonekani kwa macho, na kuyatambua kwa kunusa ni kujidanganya. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi kukaribia ule wa dizeli ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Kabla ya hapo, mwaka 2010, ulianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, ndani ya mafuta yanayouzwa nchini. Vinasaba vikipungua chini ya kiwango kinachotakiwa, ni dalili kwamba mafuta yameongezwa kitu au yalikuwa ya kwenda nchi jirani bila kulipiwa kodi. Lakini vinasaba havisemi lolote kuhusu maji. Mtumiaji anapotoa taarifa aseme anachoshuku, kwa sababu vipimo vyake si vilevile.

Na ikitokea petroli imewekwa kwenye gari la dizeli, kosa ambalo mhudumu mwenye haraka huweza kulifanya, usiwashe gari. Likiwa halijawashwa, tangi hukaushwa hapo hapo na hasara huwa ndogo.

Chupa mbili na risiti

Ushahidi wa mafuta mabaya una udhaifu mmoja ambao ni vema tuuseme wazi: sampuli kutoka kwenye tangi la gari inaweza kukataliwa kwa hoja kwamba gari lilikuwa na mafuta ya zamani au ya kwingine. Nguvu yake hutoka kwa vitu vinavyoizunguka. Kinga chupa mbili safi na kavu za mafuta yaleyale, uzizibe vizuri, na uandike juu yake namba ya gari, tarehe, saa na mahali. Shahidi mmoja asiye ndugu aandike jina lake, akiwezekana dereva mwingine au fundi aliyefika. Zikae kivulini. Moja ni ya kupimwa, nyingine ni ya akiba, na zote mbili zisikabidhiwe kituo cha mafuta.

Risiti ya mashine ya EFD ndiyo nguzo. Huonyesha kituo, saa, lita na bei, na mtumiaji anayo haki ya kuidai hata kwa mafuta ya shilingi elfu kumi. Risiti hizi hufifia kwa jua la dashibodi, kwa hiyo ipigwe picha siku hiyo hiyo.

Kubwa kuliko yote ni haraka. Mdhibiti anaweza kuchukua sampuli zake kutoka kwenye tangi la kituo, na hizo hazina mashaka ya tangi la gari. Ila tangi la kituo hubadilika: lori jipya likishusha mafuta, yale ya jana yamekwisha. Taarifa ya simu inayotolewa mchana wa tukio ina thamani kuliko barua nzuri ya kurasa tatu baada ya wiki mbili. Ikiwa kuna magari mengine yaliyojaza hapo na kukwama siku hiyo, madereva watoe taarifa kila mmoja kwa jina lake.

Gereji na duka la spea

Gari likifika gereji, makubaliano yatangulie spana. Omba yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: kitakachochunguzwa, gharama ya uchunguzi peke yake, na kwamba hakuna kifaa kitakachobadilishwa kabla mwenye gari hajaarifiwa. Kifaa kilichotolewa ni mali ya mwenye gari. Kirudishwe, kiwe kibovu namna gani.

Wengi hupeleka gari "kupimwa kwa kompyuta" wakidhani mashine itataja kifaa cha kununua. Kompyuta husoma namba ya kasoro iliyohifadhiwa na gari. Namba inayosema shinikizo la mafuta liko chini inaweza kusababishwa na pampu mbovu, na pia na filta iliyoziba au bomba linalovuta hewa. Fundi aulizwe amethibitishaje kwamba ni pampu. Asiye na jibu zaidi ya namba hiyo bado hajamaliza kupima.

Filta bandia inastahili neno la pekee, kwa kuwa ni rahisi na madhara yake ni ghali. Karatasi yake hupitisha uchafu au huchanika ikilowa maji, na siku ya maji kwenye mafuta ndiyo siku hasa filta ilipotakiwa kufanya kazi. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, maandishi yenye makosa kwenye boksi na namba ya kifaa inayokosekana ni dalili. Agiza kwa namba ya chesisi na aina ya injini. Risiti iandike jina kamili la kifaa na kama kimeuzwa kuwa halisi au cha daraja jingine. Neno "spea" peke yake halimfungi muuzaji kwa lolote. Kibao cha ukutani kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, peke yake, hakimpi mtu ruhusa ya kuuza bidhaa bandia wala hakifuti wajibu wake kwa bidhaa mbovu.

Nani wa kumwendea

Mlalamikiwa asikilizwe kwanza. Mwendee mwenye kituo, gereji au duka, mweleze kwa utulivu na umpe nakala ya maandishi. Yako matatizo yanayoisha hapo, kwa kituo kulipa usafishaji wa tangi na filta mpya. Asipojibu au akikataa, ubora wa mafuta na mwenendo wa kituo ni mambo ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumtetea mtumiaji katika shauri hilo. Mashine ya kituo ikishukiwa kupunja, Wakala wa Vipimo ndiyo inayohakiki na kuweka stika. Spea bandia ni za Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ubora wa bidhaa chini ya viwango huangaliwa na Shirika la Viwango (TBS). Asiyejua aanzie wapi aende kwa ofisa biashara wa halmashauri yake, iwe Mpanda Manispaa, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika, aelekezwe.

Lalamiko lenyewe liwe fupi. Mfanyabiashara wetu wa Majimoto angeandika hivi: siku na saa alipojaza, lita ngapi na katika kituo gani, kilomita zilizosomeka wakati wa kujaza na wakati wa kukwama, gari lilizimikaje, alichokikuta kwenye chupa baada ya dakika 15, fundi alipima nini na kubaini nini, gharama ya kuvuta gari na matengenezo, kila moja na risiti yake, magunia mangapi ya mpunga yalilowa na thamani yake kwa bei ya soko la siku ile, na anachoomba alipwe. Aambatishe picha, nakala ya risiti na jina la shahidi. Chupa ya pili abaki nayo, kivulini, mpaka shauri limalizike.